Mshipi si wa kiunoni pekee: Historia ya neno la wavuvi

Makala haya yanaanza na kosa, na kosa lenyewe ni langu. Muhula uliopita niliwapa wanafunzi wangu wa hapa Ayany, Kibera, insha kuhusu likizo. Mmoja wao, ambaye jamaa za mamake ni watu wa Vanga, Kaunti ya Kwale, alisimulia jinsi alivyopanda dau na babu yake alfajiri, babu akatupa mshipi, na baada ya muda mfupi akauvuta na changu wawili. Nikachukua kalamu nyekundu, nikalizungushia neno “mshipi” duara, na pembeni nikaandika: “Mshipi huvaliwa kiunoni. Tumia uzi.” Nikamkata alama. Kijana hakubishana. Alisema tu kwa sauti ya chini, “Lakini mwalimu, babu huuita hivyo.”

Nilipofika nyumbani niliifungua Kamusi ya Kiswahili Sanifu ya TUKI, ile iliyotoka kwa mara ya kwanza mwaka 1981. Mshipi una maana mbili. Ya kwanza ni ukanda wa kufunga kiunoni. Ya pili ni uzi wa kuvulia samaki. Nikarudi nyuma hadi kamusi ya Frederick Johnson ya mwaka 1939, na humo pia maana zote mbili zimo. Kwa hivyo mtoto alikuwa sahihi, babu yake alikuwa sahihi, kamusi zilikuwa upande wao, na mimi mwenye kalamu ndiye niliyekuwa nje ya lugha.

Leo nakusudia kueleza mambo mawili. Kwanza, ni vipi maana ya wavuvi ilivyotupotea sisi wa bara mpaka mwalimu wa Kiswahili akaiona kuwa kosa. Pili, kwa nini kupotea huko kuna hasara ambayo haiishii darasani.

Tuanze na kupotea kwenyewe. Nchini Kenya, hasa bara, kinachoshikilia suruali kiunoni kinaitwa mshipi. Tanzania wengi hukiita mkanda. Hii ina maana kwamba kule jirani neno mshipi limepata nafasi ya kubaki baharini, ilhali huku kwetu limeshikwa na kazi ya kila siku ya mavazi. Mtoto wa Nairobi hukutana na mshipi katika orodha ya sare za shule: shati, soksi, tai, mshipi. Akienda kanisani anakutana nao tena kiunoni mwa Yohana Mbatizaji, ambaye Biblia ya Kiswahili inamvika mshipi wa ngozi. Hakuna mahali katika safari hiyo anapouona mshipi ukiingia majini. Akikua akawa mwalimu, hufundisha alichokiona. Ndivyo maana halali inavyofutika bila mtu yeyote kukaa kikao na kuifuta.

Je, maana hizi mbili zina uhusiano? Tulitazame neno lenyewe pamoja na ndugu zake. Wagikuyu wana “mũcibi” na Waganda wana “omusipi”, na wote wanamaanisha ukanda wa kiunoni. Kando ya mshipi, Kiswahili kina mshipa, ule wa damu na ule unaounganisha nyama na mfupa. Wazulu, walio mbali kusini, wana “umsipha” kwa maana ya msuli na ukano. Vitu hivi vyote ni vyembamba, virefu, na vinabeba mvuto bila kukatika. Kano za wanyama ni miongoni mwa kamba za kale kabisa ambazo binadamu alitumia kufungia na kushonea. Ukiwa na wazo hilo akilini, huoni ajabu kwamba kinachokaza kiuno na kinachomkaza samaki viitwe kwa jina moja. Sifa inayotajwa ni ile ya kuvutwa na kustahimili. Kinachotengenezwa nacho hakitajwi.

Hoja hii ndiyo mhimili wa makala haya, kwa hivyo naomba msomaji aishike: mshipi ni jina la kazi, si jina la kitu. Tutaona faida yake baadaye.

Mungu si Athumani. Wiki chache baadaye yule babu wa Vanga alikuja Nairobi kumtembelea binti yake, na nikaenda kumwamkia. Nilikuwa na deni la kuomba radhi, na nilitaka pia kusomeshwa.

“Shikamoo, mzee.”

“Marahaba, mwalimu. Karibu. Mjukuu wangu aniambia mshipi wangu umemkosesha alama.”

Nikakiri. Alicheka, akaniuliza kama huko shuleni tunafunza kwamba mshipi ni mmoja. Nikamjibu kwamba hata huo mmoja sikuwa naujua. “Basi sikiza,” akasema. “Mshipi wafuata samaki, na wafuata maji. Huendi kumvua chewa na mshipi wa changu.”

Kisha akanieleza, huku akipima kwa vidole hewani. Mshipi wa changu wa maji mafupi ni mwembamba, kwa sababu changu huchagua na akihisi kitu kinene kinywani anatema. Mshipi wa chewa ni mnene, kwa sababu chewa akishika hukimbilia pangoni, na wewe una sekunde chache za kumzuia kabla mawe hayajausaga mshipi. Huko chini kunahitajika chubwi, ule uzito wa risasi au jiwe unaozamisha ndoana. Mshipi wa kurambaza, yaani wa kuburutwa nyuma ya chombo kinachokwenda, hauna haja ya chubwi zito, kwa kuwa nguru na kolekole huwinda juu juu. Lakini nguru ana meno kama msumeno. Kwa hivyo karibu na ndoana hufungwa kipande cha waya, la sivyo utarudi nyumbani na hadithi. Unguja, akaongeza, wako wanaotega mshipi mrefu wenye ndoana nyingi, nao wana jina lake, zulumati.

Nilipohesabu baadaye nilichoandika kwenye daftari, niliona kwamba mzee huyu katika robo saa alikuwa amenipa mpangilio kamili: aina ya samaki, kina cha maji, mwendo wa chombo, ukali wa meno, na mshipi unaofaa kila hali. Alifanya hivyo bila kukopa neno hata moja la Kiingereza. Nikamuuliza mishipi ya utotoni mwake ilikuwa ya nini. Akasema ilikuwa ya pamba, na ilibidi ianikwe kila jioni isioze. “Na hii ya sasa?” “Nailoni.” “Na yote mnaiita mshipi?” Akanitazama kama mtu aliyeulizwa kama maji ya jana na ya leo yote ni maji. “Sasa tuiiteje?”

Jibu hilo linatuingiza katika historia ya kitu chenyewe.

Watu wa pwani yetu wamekuwa wakivua tangu kabla ya kumbukumbu zilizoandikwa. Kitabu cha mabaharia wa Kigiriki kiitwacho Periplus cha Bahari ya Eritrea, cha karne ya kwanza, kinaeleza kisiwa cha Menouthias, katika pwani hii ya Afrika Mashariki, ambako watu walikuwa na mashua za kushonwa na waliweka mitego ya kusuka majini. Msomaji wa pwani atakumbuka dema mara moja. Kamba na nyuzi za zama hizo zilitokana na mimea, kwa maana hiyo ndiyo malighafi iliyokuwa mkononi, kuanzia makumbi ya nazi hadi magome ya miti.

Ulaya nako hali haikuwa tofauti sana. Mwingereza Izaak Walton alipochapisha kitabu chake maarufu cha uvuvi mwaka 1653, mishipi ya wavuvi wa mitoni ilikuwa ya manyoya ya mkia wa farasi yaliyosokotwa. Baadaye zikaja hariri, pamba na kitani. Neno la Kiingereza “line” lenyewe linatokana na Kilatini “linea”, uzi wa kitani, kutokana na “linum”, jina la mmea wa kitani. Kwa maneno mengine, Waingereza walianza na jina la kitu, kisha kitu kikabadilika na jina likabaki kuwa la kazi. Kiswahili nacho kililipokea jina la mmea huohuo kutoka Kiarabu, “kattan”, likatupa kitani cha nguo na katani ya kamba.

Kitani hicho kilifika Ziwa Victoria kwa sura mpya mwaka 1905, pale nyavu za kunasia mashavu zilizotengenezwa kwa uzi wa kitani zilipoingizwa katika ghuba iliyoitwa Kavirondo wakati huo. Zilivua ngege kwa wingi kuliko mitego ya kienyeji, na kuanzia hapo uvuvi wa ziwa ukabadilika. Udhaifu wake ulikuwa uleule wa pamba ya babu: ukilowa na usikaushwe, unaoza.

Dawa ya kuoza ilitoka maabara. Tarehe 28 Februari 1935, katika kampuni ya DuPont nchini Marekani, kikosi cha mwanakemia Wallace Carothers kilitengeneza nailoni. Ilitangazwa hadharani mwaka 1938, na muda si muda ikatumika kutengenezea mishipi. Katika miaka ya 1950 nyavu za nailoni zilifika Ziwa Victoria na kuzisukuma kando zile za kitani. Hazikuoza, hazikuhitaji kuanikwa kila siku, na ndani ya maji hazikuonekana kwa urahisi.

Hapa ndipo tunapoona nguvu ya jina la kazi. Pamba ilipoondoka na nailoni kuingia, wavuvi wa pwani hawakuhitaji kamati ya istilahi. Mshipi ulikuwepo tayari. Ukataka kubainisha, unasema mshipi wa pamba, mshipi wa nailoni. Linganisha na safari ya neno “nailoni”, ambalo ni jina la kitu. Hapa Nairobi lilihama kutoka kwenye uzi likaenda kwenye shuka, kisha kwenye mifuko ya dukani ambayo wala haikuwa nailoni, mpaka serikali ilipoipiga marufuku mifuko hiyo tarehe 28 Agosti 2017. Leo ukimwambia mtu wa Kibera “nipe nailoni”, atakushuku kwanza. Jina la kitu hutangatanga. Jina la kazi hubaki na kazi yake.

Sasa, ikiwa lugha yetu ilikuwa na uwezo huo, mbona maneno ya ufito wa kuvulia na chambo bandia hayakuingia Kiswahili vizuri? Sababu ni ya kihistoria. Uvuvi wa aina hiyo uliletwa kama mchezo wa walowezi. Mwaka huohuo wa 1905 ambapo nyavu za kitani zilifika ziwani, Ewart Grogan alileta trauti kutoka Scotland na kuwaachilia katika Mto Gura, Nyandarua. Katika miaka ya 1920 samaki wa Kimarekani aitwaye besi aliwekwa Naivasha. Samaki hawa hawakuletwa ili walishe wenyeji. Waliletwa ili bwana apate mchezo wa Jumapili, kwa ufito na rili, yaani kile chombo cha kuzungushia mshipi. Vilabu vyake vilizungumza Kiingereza. Mwafrika aliyekuwepo alibeba mizigo, na hakuna aliyemuuliza kitu hiki kingeitwaje kwa lugha yake.

Ayany yenyewe iko karibu na ushahidi. Teremka upande wa kusini utafika Nairobi Dam, bwawa lililojengwa mwaka 1953. Lilikuwa na klabu ya mashua za tanga. Kijiji cha Kibera kilicho kando yake kinaitwa Silanga, na silanga katika Kiswahili cha bara ni bwawa. Siku hizi gugumaji na matope vimelifunika, na mtoto anayepita hapo ni vigumu kumwaminisha kwamba watu walilijia kwa starehe. Kwa hivyo uvuvi wa ufito ulipokuwepo hapa mlangoni ulikuwa wa wenyewe, na wenyewe walipoondoka, maji nayo yakaondoka. Samaki anayeingia Ayany leo huja na basi kutoka Kisumu, Busia au Homa Bay: mbuta, ngege, omena, na mgongo wazi wa wasio na pesa za minofu. Tunamjua samaki akiwa sufuriani, wala si akiwa kwenye mshipi.

Niliona hasara ya jambo hili kwa macho yangu. Jirani yangu, fundi wa umeme, alinunua ufito wa mitumba pale Toi Market kwa bei ya kutupa. Ulikuwa mwepesi, ukipinda vizuri, na rili yake ikizunguka. Wenzake wana mazoea ya kwenda Naivasha Jumapili. Kilichobaki kilikuwa mshipi. Akaenda dukani, akasema, “Nataka laini.”

Muuzaji akamuuliza, “Ya Safaricom ama Airtel?”

“Si ya simu. Ya samaki.”

Tulicheka aliponisimulia, lakini kicheko hicho kina somo la lugha ndani yake. Hapa Kibera neno “laini” lina kazi nyingi kupita kiasi. Kuna laini ya simu. Kuna kitambaa laini, ambalo ni neno jingine kabisa, lenye asili ya Kiarabu. Kuna Laini Saba, kijiji ambacho wazee hukihusisha na uwanja wa shabaha wa wanajeshi wa KAR. Sasa na laini ya samaki. Neno linalobeba mizigo yote hiyo haliwezi kumsaidia mnunuzi kuchagua.

Na kweli hakuchagua. Kwake laini ilikuwa laini, na iliyo nene ndiyo imara. Akanunua nailoni nene, ya kubeba ratili 40, takriban kilo 18. Juu ya mshikio wa ufito wake palikuwa na maandishi madogo ya Kiingereza yaliyosema kwamba umetengenezewa mshipi wa ratili 6 hadi 12. Hakuyaelewa, na hakuna aliyemfafanulia. Kule Naivasha mshipi ulikuwa mgumu kama waya, ukajikunja na kuruka kutoka kwenye rili kama springi. Chambo chepesi alichofunga kilianguka mita chache mbele yake. Hatimaye ndoana ilinasa kwenye gogo. Akavuta, akavuta tena. Mshipi haukukatika. Ufito ndio uliokatika, karibu na ncha.

Angekuwa amepitia kwa mzee wa Vanga, angeambiwa kanuni ya kwanza: katika mnyororo wa uvuvi, mshipi ndio unaopaswa kukatika kabla ya ufito. Mshipi ni shilingi chache, ufito ni mali. Kwa hivyo soma maandishi ya ufito kwanza. Ufito mwepesi unaopinda hadi katikati unataka mshipi mwembamba, wa ratili 4 hadi 10. Ufito mgumu wa baharini, wa kumng’oa chewa, unabeba ratili 30, 50 na zaidi. Chambo nacho kina usemi wake. Kikiwa chepesi na mshipi ukiwa mnene, hakiruki mbali.

Kanuni ya pili inahusu kilichotengeneza mshipi. Siku hizi dukani utakuta aina tatu kuu, na nitazieleza kwa Kiswahili ili tuone kama lugha inashindwa.

Ya kwanza ni mshipi wa nailoni. Ni uzi mmoja usiosokotwa. Sifa yake kubwa ni kunyumbuka. Samaki akikurupuka ghafla, mshipi unarefuka kidogo na kumeza ule mshtuko, hivyo ndoana haichomoki. Hunywa maji na kudhoofika kiasi ukilowa, na jua huuchosha, kwa hivyo haufai kuachwa miaka kwenye rili. Ni rahisi kufunga fundo lake, na ni wa bei nafuu. Kwa chambo bandia kinachoelea juu ya maji, nailoni hufaa kwa sababu haizami upesi na kukivuta chini. Anayeanza aanze hapa.

Ya pili ni mshipi wa fluorokaboni, ambao kampuni ya Kureha ya Japani iliuingiza sokoni mwaka 1971. Kwa macho unafanana na nailoni, lakini tabia ni nyingine. Kiwango cha maji kupinda mwanga ni 1.33, cha fluorokaboni ni takriban 1.42, na cha nailoni ni takriban 1.53. Kadiri namba ya mshipi inavyokaribia ile ya maji, ndivyo samaki anavyopata taabu kuuona. Aidha, fluorokaboni ni nzito kuliko maji mara 1 na robo tatu hivi, kwa hivyo huzama. Unafaa kwa chambo kinachotembea chini, katika maji maangavu, na mahali penye mawe, kwa kuwa hausagiki haraka. Haufai kwa chambo cha juu, maana utakizamisha. Ni mgumu kiasi, na fundo lake lazima lilowanishwe kabla ya kukazwa, la sivyo joto la msuguano linaudhoofisha.

Ya tatu ni mshipi wa kusukwa, wenye nyuzi nyingi nyembamba za plastiki imara mno, ulioshika soko la wavuvi kuanzia miaka ya 1990. Unaobeba ratili 20 huweza kuwa mwembamba kama nailoni ya ratili 6 au 8. Kwa wembamba huo chambo huruka mbali, na kile cha kuzama hufika chini haraka. Haunyumbuki karibu hata kidogo, hivyo samaki akigusa tu chambo, hata kwenye kina kirefu, mkono unajua. Lakini kutonyumbuka huko huko ni hatari kwa ufito mgumu na mkono wenye pupa: samaki huchanwa kinywa akaponyoka. Huelea, huonekana majini, huteleza kwenye fundo, na ukiuzungushia kidole unakata. Ndiyo maana wavuvi wengi hufunga mwishoni mwake kipande cha nailoni au fluorokaboni, kiasi cha mita 1 au 2, ili samaki asiuone na mawe yasiusage. Kwa samaki mwenye meno kipande hicho huwa waya, jambo ambalo mzee wa Vanga alilijua bila kusoma maandishi ya paketi.

Msomaji ameona kwamba nimeeleza haya yote kwa mshipi, chambo, chubwi, ndoana, kusuka, kunyumbuka, kuzama, kuelea na kurambaza. Maneno niliyolazimika kukopa ni machache: nailoni, fluorokaboni, rili. Yote matatu ni majina ya vitu vilivyobuniwa ugenini, na kuyakopa si aibu. Lugha yoyote hukopa jina la kigeni la kitu kigeni. Aibu ni kukopa “laini” ilhali mshipi upo, umekaa, una kamusi na una wenyewe.

Kuna watakaosema kwamba lugha ni ya watu, na ikiwa watu wa Nairobi wanasema laini, basi laini ndiyo Kiswahili chao. Sina ugomvi na hoja hiyo kwa jumla. Kibera imezaa maneno mengi mazuri, na “mgongo wazi” ni mfano wa ubunifu ninaouvulia kofia: maneno mawili yanayokuonyesha samaki, bei yake na mnunuzi wake kwa pamoja. Lakini mgongo wazi ulibuniwa na watu waliokuwa wakikitazama kitu na kukipa jina kutokana na walichokiona. Laini ya samaki haikubuniwa na mtu. Ilidondoka kutoka kwenye paketi. Neno la namna hiyo halimfundishi mtu kitu, na fundi wetu ameulipia ujinga huo kwa ufito.

Wenzangu walimu, nasi tuna sehemu yetu. Mara nyingi tunasahihisha kwa kipimo cha Kiswahili tunachokijua, kisha tunakiita Kiswahili sanifu. Mtoto akija na neno la mjombake wa Vanga, la nyanyake wa Kinubi pale Makina, au la ziwani, kalamu nyekundu huamka kabla ya kamusi. Ningependa tufanye kinyume. Neno geni likitokea kwenye insha, tuliulize kwanza linatoka wapi na lilikuwa likifanya kazi gani huko. Mvuvi ndiye ajuaye pweza alipo, na mara nyingine mvuvi huyo amekaa dawati la nyuma.

Jumatatu iliyofuata nililirudisha lile karatasi la insha. Nilikuwa nimelifuta duara, nikamrudishia kijana alama yake, na mbele ya darasa nikaeleza kwamba mwalimu alikosea na sababu za kukosea kwake. Kisha nikamwomba aje mbele atueleze babu yake anavyochagua mshipi. Alisimama kwa haya kidogo, akaanza kupima hewani kwa vidole, vilevile alivyofanya mzee.

“Kwanza,” akasema, “lazima ujue unamtaka samaki gani.”